Jinsi Nilivyowapita Viongozi wa Vikongoro Bila Kuwaona

Siku ya kwanza kufika Vikongoro nilivaa viatu vya kisigino. Nawaambia hili mapema, wanangu, ili mjue anayezungumza nanyi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, nimekaa miaka mingi ofisi za mjini kule Manzese, ndipo nikahamishiwa pembezoni mwa Temeke, mahali nyumba zinapoanza kuachana, mihogo ikaanza kutawala. Bodaboda ilinishusha lami inapoishia. Kutoka pale hadi ofisi ya mtaa ni mchanga mtupu. Nilifika nimeshika viatu mkononi, jasho linanitoka, na wanawake waliokuwa wanachota maji wakanipa shikamoo huku wamebana vicheko kwenye ncha za kanga.

Nyie mnaoanza kazi hii ya vijana sasa, na nyie vijana wenyewe mnaofanyiwa hizo semina, nimeandika haya kwa ajili yenu. Si mwongozo. Miongozo mnayo mingi, na mie nilikuwa nayo mingi kuwashinda.

Wiki ile ile niliitisha semina ya uongozi. Nilipanga viti mistari minne, nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika kwa kalamu nyekundu: KIONGOZI NI NANI? Walikuja vijana kama thelathini. Nikauliza swali langu. Wakaitazama karatasi. Nikauliza tena kwa sauti ya mwalimu. Mmoja nyuma kabisa akasema, "Kiongozi ni yule ambaye soda yake imetoka kwenye friji, sie zetu za moto."

Walicheka hadi viti vikalia. Nami nilikuwa nimeshika soda ya baridi.

Sikujifunza kitu siku ile. Niliudhika tu. Nikamtafuta kijana mmoja anayejibu vizuri, nikampata: Deo, amemaliza kidato cha sita, shati limenyooshwa, anasema "kwa mtazamo wangu" kabla ya kila sentensi. Nikamteua mwenyekiti wa kikundi cha vijana. Nikawapa na mradi, kuku, kwa sababu kule nilikotoka kila kikundi kilikuwa na kuku. Sikumuuliza mtu hata mmoja kama wanataka kuku. Akina mama wa Vikongoro, ambao wamefuga tangu wakiwa wasichana, wangeniambia kwamba msimu ule ni wa mdondo na vifaranga wasiochanjwa hawamalizi mwezi. Hawakuniambia, maana sikuwauliza. Vifaranga walikufa wote. Deo akapata kazi kwenye kampuni ya mabasi kule Mbezi Luis, akaaga kwa hotuba nzuri sana, akaondoka. Simlaumu. Alikuwa kijana mwema aliyepewa kazi ambayo hakuiomba.

Bi Mwanahawa ndiye aliyenifungua macho. Yeye ndiye niliyetumwa kumpokea ofisi. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na kila jambo alilifanya taratibu mno, nikadhani amechoka. Siku niliyomweleza habari za Deo na kuku alikuwa anamenya chungwa. Akalimaliza lote, akanipa nusu.

"Somoe mdogo wangu," akasema, "wewe huchagui kiongozi. Unachagua redio."

Akatia kipande mdomoni, akaendelea.

"Unatafuta anayesikika. Vijana wa hapa wana viongozi wao zamani, ila wewe unawaita ofisini, na ofisini wote wanageuka wageni. Nenda msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wowote utakaotokea. Kaa pembeni, menya vitunguu, angalia."

Haukupita muda, mzee mmoja jirani akafariki. Nikaenda, safari hii na ndala. Nikapewa kisu na beseni la vitunguu, nikakaa na wenzangu, nikaangalia kama nilivyoagizwa. Na kweli, mambo yalikuwa mbele yangu muda wote nikawa naangalia upande mwingine.

Mtu hakutangaza lolote, lakini turubai lilifika. Majembe na sururu vilitoka nyumba sita tofauti na kila kimoja kikarudi kilikotoka. Wachimba kaburi walipishana kwa zamu bila kugombana. Ukifuatilia kila jambo linapoanzia, unafika kwa kijana mmoja mrefu, dereva wa bodaboda, Hamisi. Hakuwa anasema. Anaonyesha kwa kidole, anagusa mtu bega, anainua nyusi. Nilimwona akichukua sahani ya wali, akaipeleka mwenyewe kwa bibi kipofu aliyekaa chini ya ukuta wa nyuma ambako wagawa chakula hawakumwona. Upande wa wanawake ilikuwa vivyo hivyo kwa Zuhura. Huyu alikuwa msusi, binti wa miaka ishirini na kitu, mdomo haulali. Nusu ya wanawake wa Vikongoro walikuwa wamewahi kuinamisha vichwa mapajani mwake, na ukikaa saa tatu unasukwa, siri zako zote zinatoka. Zuhura alijua nani ana sufuria kubwa, nani amegombana na nani wasiwekwe jiko moja.

Nilirudi nyumbani nina furaha kama mtu aliyeokota kitu. Kesho yake nikamfuata Hamisi kijiweni kwake.

"Nataka uwe mwenyekiti wa vijana," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini. Akajaribu kujibu, na hapo ndipo nikajua. Hamisi alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kukwama kidogo ukaendelea. Neno linamshika kooni, macho yanafumba, mishipa ya shingo inatoka.

"M-m-mie s-sisemi, mama. M-mtafute anayesema."

Hapo ningemsikiliza, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mie nilishajua kwamba yeye ndiye, na mtu akishajua jambo anakuwa kiziwi.

Sasa niwaeleze shida ya Vikongoro. Mtaa umekatwa na mto. Kiangazi unauvuka bila kulowa magoti. Masika ikifika unajaa, unakuwa na maji mekundu yanayokwenda kwa kishindo, na shule ya msingi iko ng'ambo. Zahanati nayo iko ng'ambo. Kwa hiyo kila masika watoto wa upande wetu walikaa nyumbani wiki nzima, wakati mwingine tatu, na wajawazito walizungushwa kwa pikipiki njia ya mbali inayopita mitaa mitatu. Kila mkutano wa mtaa jambo hilo lilisemwa, na kila mara mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ngatunga, alijibu maneno yale yale: "Tusubiri daraja la serikali." Akishasema hivyo anafunga daftari.

Mkutano uliofuata nikapanga jambo langu kimya kimya. Mjadala wa mto ulipofika, nikanyanyuka, nikasema vijana wana mawazo, na kwamba ninamwomba Hamisi atueleze. Sikuwa nimemwambia. Nilidhani nikimsimamisha mbele za watu atapata nguvu. Niliona mahali fulani kwenye kitabu kwamba vijana wanahitaji kupewa jukwaa.

Hamisi alisimama kwa sababu ya heshima. Mkubwa amekuita, utafanyaje? Akafungua mdomo. Neno likagoma. Akajaribu tena. Watu mia na zaidi wamekaa wanamtazama, na mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Hamisi akakunja kofia yake mkononi, akapita katikati ya viti, akaondoka. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka.

Nimefanya makosa mengi kazini, lakini usiku wa makosa mengine nililala.

Kwa wiki nne Hamisi hakuonekana kijiweni wala msibani. Alihamishia kazi yake Ukonga. Watu walikufa, wakazikwa, na mambo yalikwenda hovyo; msiba mmoja sururu zilikosekana hadi jua likapanda. Zuhura alinikuta njiani akanipa shikamoo kwa sauti ya barafu, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, sie tulikuwa tunakupenda. Lakini ulichomfanyia braza Hamisi si sawa."

"Najua, mwanangu."

"Ukijua nenda kamwambie. Usitume mtu."

Nilikwenda kwao siku ya Jumapili. Alikuwa uani amefungua injini ya pikipiki, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia. Mama yake akanipa kigoda, akatuacha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kiofisi, yote yakapotea. Nikamwambia, "Hamisi, nimekukosea. Nilikusimamisha bila kukuuliza. Nisamehe."

Aliendelea kupangusa kipande cha chuma kwa kitambaa. Nilikaa. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, kukaa pale bila kumsaidia kusema. Alipoanza, alichukua muda mrefu, na mie sikumalizia neno lake hata moja.

"Mama," akasema, "we ulitaka watu waone kwamba umenivumbua."

Ilikuwa kweli kabisa.

Baadaye nikamuuliza, "Basi wewe mwenyewe unataka nini?"

"Kivuko," akasema, na neno hilo lilitoka zima. "Uenyekiti sitaki. Nataka kivuko."

Hebu niwape jambo moja la kazi hapa kabla sijaendelea, maana litawasaidia. Ukitaka kufanya kitu na watu, usiwaundie utaratibu mpya. Tafuta wanachokifanya tayari, uanzie hapo. Hamisi aliniambia twende kwa mtindo wa msiba. Hakuna kikundi wala katiba wala mweka hazina. Kila nyumba inaleta kile ambacho ingeleta mtu akifa: mwenye jembe jembe, mwenye mawe mawe, mwenye mikono mikono, mwenye sufuria anapika. Zuhura akachukua upande wa kusema. Ndani ya wiki mbili kila kichwa kilichosukwa Vikongoro kilisukwa na habari za kivuko. Na kwa kuwa Hamisi hasemi, akaanza kuandika. Vijana walikuwa wamefungua kundi la WhatsApp, nami nilikuwa nalichukia, nikiona ni mahali pa vichekesho na muziki wa singeli. Nikaingizwa. Kumbe Hamisi akiandika ni mtu mwingine! "Jumamosi saa moja asubuhi. Watu kumi. Sururu kwa Mama Chausiku." Basi. Mie ningeandika kurasa mbili.

Tukakwama kwa Mzee Ngatunga. Alisikia, akaja hadi mtoni na fimbo yake, akawakuta vijana wameanza kusafisha njia.

"Nani kawapa ruhusa?"

"Mzee, ni kivuko cha watoto," Zuhura akasema.

"Nimeuliza nani kawapa ruhusa! Mtu akiweka gogo hapa nitamwita polisi. Na wewe afisa, nitakuandikia barua kwa wakubwa wako."

Vijana walikasirika. Wengine walitaka waendelee kwa nguvu, wengine wakasema mzee anaogopa kwamba wakijenga watamnyang'anya kiti uchaguzi ukifika. Hata mie niliamini hivyo. Nilianza kutafuta vifungu vya sheria ili nimbane.

Hamisi aliandika kwenye kundi: "Mimi nitakwenda kwake. Peke yangu."

Nilitaka kumfuata. Zuhura akanishika mkono. "Mama, mwache."

Niliyasikia baadaye, kutoka kwa Hamisi na kutoka kwa mzee mwenyewe, na yalilingana. Hamisi alifika asubuhi, akatoa shikamoo, akamkuta mzee anapalilia mihogo. Akachukua jembe lingine akapalilia naye. Hawakuzungumza hadi wakamaliza matuta yote. Walipokaa kunywa maji, Hamisi akauliza swali moja, likamchukua muda, na mzee akasubiri.

"B-babu, w-we unaogopa nini?"

Mzee Ngatunga akaweka kikombe chini. Akamwambia kwamba kivuko cha kwanza cha mto ule alikijenga yeye, na wenzake wa rika lake, walipokuwa vijana. Magogo ya minazi na kamba. Walikuwa na haraka na walikuwa na fahari. Hawakumuuliza mtu yeyote. Masika ya pili kamba zikaachia wakati Bi Asha wa Saidi anavuka na mtoto mgongoni. Bi Asha alishika matete, akatoka. Mtoto walimpata siku ya pili, mbali, chini kule mto unapopanuka. Mzee ndiye aliyemtoa kwenye maji.

"Tangu hapo," akamwambia Hamisi, "nasema tusubiri serikali. Wenzangu wote wamekufa, tumebaki mimi na Bi Asha. Nyie mnadhani nalinda kiti."

Hamisi alirudi akatukuta tumekaa kwa Zuhura tunamsubiri. Alitusimulia polepole. Mmoja wa wale waliotaka kuendelea kwa nguvu alikuwa anachora mchanga kwa kidole.

Kuanzia siku ile kazi ilibadilika. Hamisi hakwenda kumwomba mzee ruhusa tena. Alikwenda kumwomba amwonyeshe mahali. Mzee akawapeleka juu zaidi, hatua kama mia mbili, ambako kingo za mto ni ngumu na maji hayali udongo. Mahali pale hakuna kijana aliyepajua. Mzee alisema tena, hakuna magogo, hakuna kamba, na hakuna kuanza kabla mtu mwenye elimu hajaja kupima. Hapo ndipo mie nilipopata kazi ya kufanya! Kupeleka barua manispaa najua, kukaa kwenye benchi hadi mhandisi achoke kuniona najua. Alikuja, kijana mmoja mwenye kofia ya plastiki, akapima, akachora, akatupa masharti yake, na masharti yalikuwa mengi. Tukayafuata yote, kila nyumba ikitoa fedha kama itoavyo rambirambi msibani. Misingi ya zege, mabomba ya chuma, reli za mkono pande zote mbili, kimo cha kumfaa mtoto na kimo cha kumfaa mtu mzima. Nilimleta fundi wa kuchomelea kutoka Manzese, mtu niliyemfahamu tangu niko kule. Akakaa kwetu siku tisa, akalishwa na nyumba tisa.

Mzee Ngatunga alikuwa mtoni kila siku. Aligombana na kila mtu. Alimrudisha fundi mara tatu kwenye kiungo kimoja. Vijana wakampa jina la Mkaguzi, naye akajifanya halisikii huku akilipenda.

Kabla kivuko hakijafunguliwa, mzee alikwenda kwa Bi Asha. Alimchukua Hamisi na Zuhura, nami wakaniruhusu. Bi Asha alikuwa mama mkubwa kwa umri, ameketi mkekani anachambua mchele. Mzee alimwambia kwamba vijana wamejenga, na kwamba hatakifungua mpaka yeye akione na aseme ndiyo. Bi Asha hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Reli ipo?" akauliza.

"Ipo," mzee akasema. "Pande zote."

"Ya mtoto?"

"Ya mtoto ipo."

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Nitakuja kuangalia. Kuvuka sitavuka." Na ndivyo alivyofanya. Alikuja, akashika reli ya chini, ile ya watoto, akaitikisa kwa nguvu zake zote, akaenda upande wa pili akaitikisa na ile. Kisha akamwambia Mzee Ngatunga, "Basi, waache wapite," akarudi nyumbani. Mpaka leo hajakivuka, na hakuna aliyemwomba avuke.

Masika ile watoto walikwenda shule siku zote. Nilikuwa nasimama pale asubuhi, sina sababu ya kiofisi, nawatazama tu na sare zao na makoti ya mvua, maji mekundu yanapita chini yao, wao wanapiga kelele za furaha.

Mambo mengine yalifuata nami sikuyaanzisha. Walianza zamu ya kukagua kivuko kila baada ya mvua kubwa. Hamisi ndiye anayeipanga. Wakafungua kituo cha watoto wadogo kucheza karibu na ofisi ya mtaa. Wakajaribu kuku tena, safari hii wakiongozwa na akina mama na chanjo kwa wakati, na wamefaulu, jambo ambalo linaniuma kidogo. Mzee Ngatunga alipoona umri umemzidi hakugombea tena. Zuhura akagombea. Alipita kila nyumba na kitana chake mkononi, anasuka na kuomba kura, na akashinda. Hamisi yuko kwenye kamati ya mtaa. Akisimama kusema, bado neno linamshika, na mkutano mzima unakaa kimya ukisubiri. Watoto wa pale wamekua wakijua kwamba ndivyo anavyosikilizwa. Nilimwona mgeni mmoja akitaka kumsaidia kumalizia sentensi, bibi aliyekaa jirani akampiga kofi gotini.

Mie nilistaafu, nikanunua kipande changu cha ardhi huko huko, nikajenga vyumba vitatu. Sasa ni mkazi wa kawaida. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu taka, na mnanijua, nilikuwa na mawazo. Nilikuwa nimeyaandika kabisa. Msichana mmoja wa kidato cha nne alikuwa anaongea, anajikanyaga kidogo, nami nikaona anapotea, nikanyanyua mkono, nikanyanyuka na mwili wote.

Zuhura alikuwa mezani mbele, mtoto wake amelala begani. Akanitazama kwa upendo mwingi.

"Mama Somoe," akasema, "shikamoo mama yangu. Naomba ukae. Mwenzako hajamaliza."

Mkutano mzima ukaniangalia. Nikaitikia marahaba, nikakaa.